Flashi Tupu

Baba yangu, Apolinary, alikuwa mpiga picha mzuri na mwongo mzuri, na kazi zote mbili alizifanya kwa kamera moja. Harusini watu humzonga mpiga picha, kila mmoja anataka apigwe, na mkanda una picha thelathini na sita tu. Wale aliowaona hawatafika studioni kwake Nyasura, mjini Bunda, kuchukua picha zao aliwapa flashi tupu. Anainua kamera, anabonyeza kitufe kidogo nyuma ya flashi, kile cha kuijaribia, taa inawaka na mkanda hausogei. Mtu anaondoka ameridhika. Akija kuulizia, anaambiwa imeungua.

Nayajua haya tangu nasoma sekondari, maana mwenye kuwaambia pale mlangoni nilikuwa mimi, Consolata.

Siku hizi studio ni yangu. Natoa fotokopi na kupiga paspoti kwa kamera ya dijitali, na uongo siuhitaji, kwa sababu nafasi haiishi.

Mwezi wa sita alikuja mwanamke aitwaye Ghati kutoka Buswahili. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akaeleza kwamba mama yake, Wankyo, alifariki yeye akiwa hajaanza hata kuongea, na sura yake haijui. Shangazi amemwambia mama alipigwa picha mara moja tu maishani, kwenye harusi ya Baltazar, mwaka tisini na saba. Mama aliifuata picha hadi hapa Bunda, akaambiwa imeungua.

"Sitaki nzuri, dada," alisema. "Hata kama iliungua, nione tu kilichobaki."

Niliona aibu, halafu nikamkasirikia yeye kwa kunitia aibu. Picha iliyoungua ningeitafuta. Hii haikuwahi kuwepo. Nilikuwa najiandaa kumpa pole aende zake, ila jina la Baltazar likanikaa kichwani. Harusi hiyo ndiyo iliyomtia baba matatani, mkanda ulipoisha kabla ya keki. Alirudi nyumbani akiilaani kamera.

Haikuwa kamera yake. Yake, ya kuvuta mkanda kwa kidole gumba, ilikuwa kwa fundi Musoma, akaazima ya mwalimu Nathan. Ile ilikuwa na mota ndani. Ukishabonyeza tu, mkanda unajivuta wenyewe na kukaa tayari kwa picha inayofuata. Flashi ilikuwa humo humo, haina kitufe chake, wala haikuwaka bila picha kupigwa. Baba aliiita mlafi, akairudisha kesho yake.

Negativu ziko kwenye sanduku juu ya kabati, na baba, pamoja na uongo wake wote, aliandika tarehe kwenye kila bahasha. Nilibandika mkanda wa Baltazar kwenye kioo cha dirisha. Katikati ya bwana harusi na ndugu zake walikuwemo watu tisa ambao picha zao hazikuwahi kuchapwa. Niliwapiga picha kwa simu mmoja mmoja, nikageuza rangi ili sura zionekane.

Wa sita alikuwa mwanamke mwembamba, mtoto mgongoni. Sikuhitaji kuuliza. Sura hiyo hiyo ilikuwa imeketi kwenye kiti cha wateja.

Ghati aliipokea simu kwa mikono miwili.

"Mbona haijaungua?"

Nilimwambia. Nilimweleza habari za flashi tupu, na kitufe, na kamera ya mwalimu Nathan. Nikamwambia pia kwamba aliyemjibu mama yake pale mlangoni lazima nilikuwa mimi, na kwamba nilijibu kwa mazoea, bila hata kufungua bahasha. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Aliikuza ile picha kwa vidole mpaka uso ukajaa kwenye kioo.

"Alikuwa anacheka nini?"

Hilo nalo nililijua. Watu wa flashi tupu walikuwa na maneno yao, ambayo baba hakuwaambia wateja wa kweli.

"Alikuwaga anawaambia, cheka mama, hii itatoka nzuri kuliko zote."

Ghati alinirudishia simu ili nimchapie.

"Imetoka," alisema.