Turbo Iliyompandisha Mama

Muheza ilikuwa imeshabaki nyuma. Kwenye bodi ya pikapu lilikuwa jeneza la mama yao, Saumu. Wanaume wa msibani walikuwa wamelizunguka, na mjomba Mussa, kaka wa marehemu, kaliwekea mkono kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke. Zuberi alikuwa kwenye usukani. Dada yake Hidaya alikaa pembeni yake, kanga imemfunika hadi karibu na macho.

Asubuhi Hidaya alitaka mama azikwe hapo hapo Muheza, alikokuwa akimuuguza. Zuberi akakataa katakata. Mama mwenyewe alisema atalala Lukozi, juu milimani, kando ya mumewe.

"Gari langu lina pumzi," aliwaambia. "Magharibi haiingii mama hajazikwa."

Basi wakamwamini. Lukozi kaburi likachimbwa, watu wakakaa kusubiri.

Pumzi yenyewe ilikuwa ya kujitengenezea. Zuberi alikuwa amefunga valvu ndogo ya shaba kwenye mpira wa turbo. Ukiikaza skrubu yake, turbo inasukuma hewa nyingi zaidi na gari linachanganya. Aliikaza, akalijaribu kwenye safari zake, mshale wa geji ya presha ukatulia. Kumbe alilijaribu kama wanavyojaribu madereva wa Lukozi wote: kabichi na karoti hushuka, gari hurudi tupu. Likishuka na mzigo, turbo haina kazi. Likipanda, halina cha kuvuta. Tangu afunge valvu ile hakuwahi kupanda na mzigo.

Siku hiyo alipanda nao.

Kwenye kona za kupanda kutoka Mombo mshale ulianza kucheza, juu, chini, juu. Walipoiacha Lushoto na kuukabili mlima wa Magamba, ukaruka hadi kwenye nyekundu. Kompyuta ya gari ikapunguza dizeli ili injini isife, gari likabaki linajikokota. Zuberi akasimama, akazima, akawasha. Mbele kidogo, yale yale.

Mjomba akagonga bati, akamwita Kisambaa. "Mgosi! Ile pumzi umeisahau Muheza?"

Wanaume wakaanza kuteremka. "Tutembee, tulipunguzie."

"Msishuke, nawaomba!" Zuberi alisema huku akifungua boneti. "Mkishuka nitalipima tena likiwa tupu. Uzito wenu ndio ninaoutaka."

Akaona makosa yake. Mpira aliuacha mrefu, unaning'inia, na nati ya kushikilia skrubu ililegea. Akaukata mpira, akakaza klipu zake, akaifungua skrubu kidogo, akairudishia nati.

"Mjomba, turudi pale chini ili nilijaribu kwenye mlima ule ule. Bila hivyo sitajua kama limepona."

"Dada yangu simrudishi nyuma akiwa jenezani," mjomba alisema bila kupandisha sauti. "Kwetu hatufanyi hivyo. Jaribu ukienda mbele."

Kwa hiyo kila jaribio likawa linakula mlima, na mlima uliobaki haukuwa mrefu tena. Jua nalo lilikuwa limeinama, na ukungu ulianza kutoka msituni.

"Hidaya, niangalizie mshale. Ukiruka, sema. Ukitulia, nyamaza."

Wakaondoka.

"Umeruka."

Akashuka, akafungua kidogo. Wakaondoka tena.

"Umeruka, kaka. Mbona unafungua kama mtu anayepima sukari ya mgeni asiyemtaka? Fungua!"

"Nikifungua sana tutakwenda mwendo wa punda. Magharibi itatukuta njiani."

"Na hivi tunavyosimama kila kona haitatukuta?"

Zuberi akabaki kaishika bisibisi. Alikuwa ameahidi mbele ya watu. Akatazama nyuma, akauona mkono wa mjomba bado uko palepale juu ya jeneza. Akaifungua skrubu mpaka ile nguvu yote aliyojiongezea ikaisha, akaibana nati kwa spana hadi mkono ukauma.

Gari likaondoka taratibu kwa gia ya pili. Mshale ukapanda, ukafika mahali pake, ukakaa. Zuberi akasubiri neno. Hidaya alikuwa kimya, machozi yanamtiririka, macho hayabanduki kwenye geji. Huko nyuma mtu akaanza tahalili, wengine wakamwitikia, na sauti zao zikaenda sawa na mngurumo wa injini mpaka juu.

Adhana ya magharibi iliwakuta wanaingia Lukozi. Zuberi akazima gari, akabaki ameinamia usukani.

Mjomba akaja dirishani. "Amefika," alisema. "Shuka tumbebe."

Waliswali magharibi, wakamswalia, wakamzika kando ya mumewe. Wanaume wa Muheza walilala hapo, wakashuka asubuhi. Hidaya alirudi Muheza, anauza iliki na mdalasini sokoni. Mjomba Mussa alifariki mwaka uliofuata, baada ya masika. Zuberi bado anashusha kabichi.