Hatua za Kituo cha Saba

Mimi ni mfupi, na sioni aibu kulisema. Mwaka wa sita huu natafuta sehemu nzuri za kutazamia bahari kwa ajili ya kitabu chetu cha watalii, na ufupi wangu ndio kipimo chetu. Kila kituo nakiwekea jiwe lililopakwa chokaa, kisha nahesabu hatua zangu kutoka jiweni hadi ukingo wa genge, pale ardhi inapokatika juu ya bahari. Kila mwaka narudia. Hatua zikipungua, kituo kinafungwa. Basi.

Mwaka huu goti likanisumbua, nikamtuma shemeji, mume wa mdogo wangu, ambaye ndiye mpiga picha wetu. Mrefu huyo, mlangoni anainama. Nilimfundisha palepale ofisini, kati ya meza na kabati, ajibane atembee kama mimi. Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Aliporudi, daftari lilisema kituo cha saba ni hatua ishirini na nane. Mwaka jana zilikuwa arobaini.

"Miguu ya twiga hiyo! Si nilikuambia ujibane?"

"Nilijibana, shemeji."

Nikadhani ananitania. Nikaandika arobaini, kitabu kikaenda kuchapwa, na picha ya kituo cha saba ikawekwa kwenye jalada. Huo ulikuwa uvivu, tena wangu mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nilikuwa ofisini peke yangu, nikipanga maboksi ya vitabu vipya. Nikalifungua daftari. Kituo cha nne: mwaka jana thelathini na tano, mwaka huu thelathini na tano. Cha tano: ishirini na mbili, ishirini na mbili. Nikashuka na kidole hadi mwisho wa ukurasa. Vyote sawasawa, isipokuwa cha saba.

Jamani! Mtu hawezi kuwa twiga kwenye kituo kimoja tu. Shemeji alijibana kila mahali. Bahari imekula hatua kumi na mbili za ardhi, na mimi nimeandika kwamba bado zipo.

Nikampigia.

"Shemeji mfupi!" akaitikia kwa furaha. "Tuko kwenye jalada lako, mimi, mdogo wako na watoto wote wawili. Kuzuri, we acha tu! Ila wimbi likipiga huko chini, nyasi zinatikisika. Watoto wanacheka kweli."

"Tokeni hapo! Sasa hivi!"

"Umeanza woga wako."

"Sitanii! Chini hapo ni patupu! Rudini kwenye jiwe!"

"Sikusikii vizuri, upepo mkali. Ngoja niwapige picha moja, nitakupigia."

Nikapiga kelele mpaka koo likawaka. Alikuwa ameshaitia simu mfukoni, ila hakuikata. Nilimsikia, kwa ile sauti yake ya kazini, akimwambia mdogo wangu:

"Washike mikono. Rudini nyuma kidogo. Tena kidogo."