Pipa Lililoitwa Mkwe

Mshonaji alikuwa ameipanga likizo yake kama anavyopanga kitambaa kabla ya kukikata: mji huu alale, ule apite tu, mwingine auchungulie kwa dirisha la basi. Katika nyumba ya mtia rangi vitambaa alikusudia kulala usiku mmoja. Alipewa chumba cha uani, chembamba, chenye kitanda, ndoo na msumari wa kutundikia nguo. Mlango wake ulitazamana na kibanda cha rangi.

Ndani ya kibanda palikuwa na pipa la udongo, nusu yake imefukiwa ardhini, limefunikwa blanketi kama mgonjwa. Wenyewe waliliita Mkwe.

"Mkwe?" mshonaji aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeogopa kusikika.

"Mkwe, mwanangu," alisema mtia rangi, mama mnene mwenye mikono ya buluu hadi viwikoni. "Humfokei, humshtui, na asipokula vizuri nyumba nzima haina raha. Mimi ninao wawili. Huyu wa udongo, na yule pale."

Yule pale alikuwa mama mkwe wake hasa, bibi kizee aliyekaa mkekani akipepeta pumba.

"Wa udongo ndiye mbaya," bibi alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi nikikasirika, angalau nasema."

Asubuhi mshonaji aliamka kabla ya wenyeji. Walimkirimu vizuri mno jana yake, naye hakuweza kukaa mikono mapajani. Akafagia ua, akajaza ndoo. Kisha akaona mwiko mrefu umeegemezwa kibandani. Akalifunua pipa. Harufu ilimpiga usoni, na juu ya maji palikuwa na utando unaong'aa kama shaba. Akadhani rangi imeganda chini. Angeweza kungoja aulize, lakini kwa mtu mwenye haya, kufanya kazi ni rahisi kuliko kuuliza. Akakoroga kwa nguvu zake zote, kama uji wa watu wengi, mpaka povu likajaa na jasho likamtoka.

"Mama yangu wee!"

Mtia rangi alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake ya kulalia. Hakugomba. Alichukua kipande cha kitambaa cheupe, akakizamisha, akakitoa. Kilikuwa cha kijivu, na alipokisuuza, hata hicho kijivu kikaondoka na maji.

"Umemwingizia upepo," alisema taratibu. "Rangi hii ya nili inaishi chini, gizani, bila hewa. Ukiivuruga hivi, inazimia."

"Itakufa?"

Mtia rangi akamtazama bibi, aliyekuwa ameamshwa na ukelele ule. Bibi alikuja akijikongoja, akaliwekea pipa kiganja ubavuni, kama anayempima mtoto homa.

"Nililianzisha nikiwa bibi harusi," alisema. "Halijamwagwa hata mara moja. Tunalilisha tu. Likifa, mke wa mwanangu ataanzisha jingine, kijana bado. Lakini hili ndilo nililozeeka nalo."

Mshonaji alitamani ardhi ipasuke. Akaingia chumbani, akatoka na begi lake.

"Unakwenda wapi?" bibi akauliza.

"Kwenye basi, bibi... nimewaharibia, naona haya."

"Basi lina dereva wake. Huyu ana nani? Uliyemkera ndiye utakayemwuguza. Weka begi, lete makaa."

Akaweka begi. Walizungusha makaa mbali kidogo na udongo, wakaongeza blanketi. Bibi akamfundisha kuchukua pumba iliyopikwa, kuiminya kiganjani na kuiachia majini bila kishindo. Baada ya hapo, hapakuwa na la kufanya isipokuwa kukaa. Siku zikaja na kupita, naye amekaa. Mwanzoni alikaa kama mshtakiwa. Halafu, kidogo kidogo, akaanza kuona. Aliona ukutani alama za viganja vya buluu, moja juu ya nyingine, vya wanawake waliowahi kujishika hapo wakiinuka. Akajua jua linaanzia kamba ipi ya kuanikia na kumalizia ipi. Akamjua fundi baiskeli wa jirani kwa mlio wa nyundo yake, kabla hajamjua kwa sura.

Mtaa nao ukamjua.

"Wewe ndiye uliyempiga Mkwe mwiko?" muuza maji alimwuliza mlangoni.

"Ndimi, kaka."

"Kaamkaje leo?"

"Bado hajala vizuri."

Muuza maji akacheka mpaka akatua madumu chini. Mshonaji naye akajikuta anacheka, mtu ambaye nyumbani kwao alikuwa akijibu wateja kwa kichwa tu.

Asubuhi moja ile harufu nzito ilirudi. Bibi akachovya kidole, akakisugua, akakinusa.

"Lete kitambaa. Hapana, si wewe mke wa mwanangu. Mgeni."

Mshonaji akaleta kitambaa cheupe. Alikishusha kama anayemlaza mtoto aliyesinzia, bila tone kuruka, akakishikilia huko chini, kwenye uvuguvugu. Bibi alipoitikia kwa kichwa, akakitoa.

Kilikuwa kijani. Kijani kibichi, kama jani lililochipua jana.

"Si buluu!" akalia. "Bibi, nimemwua!"

"Nyamaza. Tazama."

Upepo ukakigusa. Kwenye pindo pakaingia weusi wa mbali, kama kivuli cha wingu, kisha kivuli kikawa buluu, na buluu ikatambaa kuelekea katikati, uzi kwa uzi, ikila kijani chote mbele ya macho yake. Hakuna aliyekitia chochote. Upepo uleule uliomzimisha Mkwe ndio uliokuwa ukifanya kazi hiyo, kimya, hewani. Mshonaji alikuwa ameshona vitambaa vya buluu tangu aanze kazi, wala hakuwahi kuwaza kwamba buluu huzaliwa.

Alipogeuka, alimwona mtia rangi amesimama na beseni tupu, mdomo wazi.

"Mama, kwani hamjazoea?"

"Kuzoea nini?" alisema mtia rangi, macho yakiwa bado kwenye kitambaa.

Bibi akajifuta chozi kwa kidole kile alichochovya, akaacha mstari wa buluu shavuni.

"Kizamishe tena," alisema. "Polepole."