Fundi Aliyeogopa Kucheka

Kila asubuhi, kabla hawajagusa kazi ya mteja, mafundi wa duka lile walitia mafuta cherehani zao. Mama Pacha alizipenda sana dakika hizo. Alidondosha tone kwenye tundu la juu, tone jingine karibu na sindano, kisha akailaza cherehani ubavu na kutia chini penye bobini ya uzi. Halafu alishona kitambaa kibovu, kwenda na kurudi, mpaka mafuta ya ziada yakafyonzwa. Ukiruka hatua hiyo, doa la kwanza linakwenda kwenye gauni la mtu.

Pembeni yake, meza zao zikiwa zimegusana, alikaa Redio. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

“Jana baba watoto kakoroma,” Redio alianza, “mpaka mbwa wa jirani akamjibu.”

“Tumeanza,” alisema Bibi Mkubwa, mwenye duka, ambaye alikuwa ameinama mezani kwake akikata sare za shule.

“Haki ya Mungu tena! Huyu anavuta, yule anabweka. Nikamwambia, baba watoto, geuka basi. Kageuka. Na mbwa naye kazunguka nyumba, kaja dirisha la upande wa pili. Wale wanaelewana kuliko mimi naye!”

Mama Pacha aliangua kicheko na kopo la mafuta mkononi. Katikati ya kicheko hicho, kitu kikaachia. Alikibana. Hakikubanika. Joto lilimshuka mapajani, likapenya gauni, likatua kwenye mto wa kiti.

Mezani palikuwa na chupa ya maji ya kunyunyizia nguo kabla ya pasi. Aliisukuma kwa kiwiko ikammwagikia miguuni.

“Loh! Nimejimwagia!”

“Mnaona sasa?” Redio alipiga makofi. “Yule mbwa hata habari zake zinaangusha vitu!”

Duka zima lilicheka. Mama Pacha naye alicheka, kwa meno tu.

Tatizo lilikuwa limeanza tangu alipojifungua mapacha wake, baada ya uchungu uliomchosha mpaka akaacha kujua kama ni mchana au usiku. Mwanzoni yalikuwa matone, akipiga chafya au akinyanyua ndoo. Alijiambia mwili bado haujarudi. Sasa mapacha walikuwa wanakwenda chekechea, wanajua kuhesabu na kutukanana, na mwili wake ulikuwa bado haujarudi.

Alishughulika nalo kama fundi. Mtu mwingine angemtafuta daktari. Yeye alitafuta kitambaa. Alikata fulana kuukuu za pamba, akazipanga tabaka juu ya tabaka, chini akaweka bitana ya koti la mvua, akazungushia pindo laini lisilokwaruza, kikawa kitambaa cha kuvaa ndani ya chupi. Aliupima mwili wake mwenyewe kwa futi, akiwa amejifungia chooni. Kilipokwisha akakigeuza mkononi, akaona mishono imenyooka, hakuna uzi ulioning’inia. Hakuwahi kushona kitu kizuri kama kile, na hakuna mtu angekiona. Aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa akalia.

Akashona vingine. Alivianika ndani ya foronya ili visionekane kambani, na kwa hiyo havikukauka vizuri. Ngozi ilichubuka. Akaacha kunywa maji, na chai ya saa nne akawa anaimwaga kwenye karo kila mtu akiwa ameinama kazini. Midomo ilimpasuka. Kile kidogo kilichotoka kikawa kikali, kinaunguza, na kina harufu aliyohisi inamtangulia mlangoni. Alijipaka poda mpaka Bibi Mkubwa akauliza nani ameleta mtoto mchanga dukani.

Nyumbani alihama kitanda. Alimwambia mume wake, ambaye alikuwa mpaka rangi wa majumba, kwamba joto limezidi. Akatandika mkeka karibu na watoto. Mvua zikaja, baridi ikaja, na mkeka ukabaki palepale.

“Mke wangu,” mumewe alimwambia jioni moja, akijisugua rangi kwenye kucha kwa mafuta ya taa, “kama kuna mtu, niambie tu. Sitapiga kelele.”

“Hakuna mtu, Baba Pacha.”

“Basi kuna nini?”

Alimtazama mikono yake, ile rangi ya bluu iliyogoma kutoka. Maneno yalikuwepo. Yalikuwa mafupi, hata mtoto angeyasema. Lakini kila alipoyakaribia aliwasikia watoto wa mtaa aliokulia, wakimfuata mwenzao aliyelowesha godoro: kikojozi, kikojozi, kalale na bata! Yeye alikuwa mmoja wa waliomfuata. Alijua wimbo wote.

“Nimechoka tu,” alisema.

Mumewe akaendelea kusugua kucha. Tangu siku hiyo hakuuliza tena, na hilo lilimuuma kuliko maswali.

Aliwahi kwenda zahanati. Alipanga foleni, akaingia, na daktari, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akauliza anaumwa nini. Mlango ulikuwa wazi. Benchi la wagonjwa lilikuwa palepale nje, watu wote wametega masikio kwa kukosa kazi nyingine.

“Kichwa,” alisema.

“Upande gani?”

“Wa… mbele.”

Alirudi na vidonge vya kichwa. Alivimeza vyote, kwa uaminifu, kana kwamba vingeweza kufika mahali pengine.

Dukani, Redio hakujua lolote, kwa hiyo aliendelea kuchekesha. Alimwigiza mteja aliyetaka suruali imbane lakini isimshike. Alimwigiza Bibi Mkubwa akitafuta miwani huku ameivaa. Mama Pacha alibana miguu, akauma ulimi, akafikiria misiba. Alianza kuiogopa sauti ile ya pembeni yake, sauti iliyokuwa imemtoa nyumbani kila asubuhi kwa hamu. Redio alipovuta pumzi kabla ya kusimulia, mgongo wa Mama Pacha ulikauka.

“Mwenzangu, siku hizi hucheki,” Redio alisema. “Au umepandishwa cheo hujatuambia?”

“Nafanya kazi.”

“Haya, mheshimiwa.”

Siku iliyofuata, Mama Pacha alimfuata Bibi Mkubwa stoo, kati ya majora ya vitambaa. “Mama, naomba uniangalizie. Redio ananikoroga. Nashona huku anaongea, mishono inapinda.”

Bibi Mkubwa alimtazama juu ya miwani. “Redio? Nyie si chanda na pete?”

“Mishono inapinda, Mama.”

Redio akahamishiwa chumba cha nyuma, kutia vifungo na kufungua mapindo, peke yake na pasi ya mkaa. Alikusanya mikasi na chaki zake. Alipopita aliinama akauliza kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kama anayo, “Nimekukosea nini?”

Mama Pacha aliingiza uzi kwenye sindano iliyokuwa na uzi tayari.

Duka likapoa. Cherehani zililia peke yake kuanzia asubuhi hadi jioni. Mama Pacha hakulowa kwa kicheko tena, maana hakukuwa na cha kuchekea. Alipata alichokitaka, na alikaa ndani yake kama mtu aliyefungiwa chumbani na ufunguo anao mwenyewe.

Kisha kikaja kikohozi. Mafua ya kawaida tu, watoto waliyaleta kutoka chekechea. Alikuwa amepiga magoti sakafuni akipima urefu wa gauni la mwalimu mmoja, pini zimepangwa mdomoni, mwalimu amesimama juu ya stuli. Kikohozi kilimjia. Alitema pini mkononi akakohoa, akakohoa tena, na kile kitambaa chake chenye mishono iliyonyooka kikashindwa. Maji yalitambaa sakafuni, yakaizunguka stuli.

Hapakuwa na chupa karibu. Alitazama huku na huku akiitafuta.

Mwalimu aliona. Alikusanya pindo la gauni, akashuka upande mkavu, akasema kwa upole mno, “Nitapita siku nyingine, fundi.” Upole ule ndio ulimmaliza. Alifuta sakafu kwa vipande vya sare, akatoka kwa mlango wa nyuma, akampita Redio na pasi yake bila kumtazama. Kesho yake hakwenda kazini. Wala siku iliyofuata.

Alikaa chumbani madirisha yamefungwa. Aliwapikia watoto, akampikia mumewe, akarudi mkekani. Alifikiri kwamba pengine hivi ndivyo watu wanavyokwisha, si kwa kishindo, bali kwa kupunguza: kwanza maji, kisha kitanda, kisha rafiki, kisha mlango. Hakuona kilichobaki cha kupunguza isipokuwa yeye.

Redio ndiye aliyegonga.

“Fungua. Nimekuja kwa miguu yangu miwili na yote inauma.”

Alijiziba mdomo kwa khanga, lakini kikohozi kikamtoka.

“Najua umo. Nimekusikia ukikohoa. Fungua, ama naanza kuimba, na sauti yangu unaijua.”

Alifungua kidogo. Redio alisukuma kwa nyonga, akaingia, akamwona. Utani ukamkauka usoni.

“Mama wee. Umekonda hivi lini?”

“Kichwa,” Mama Pacha alisema. “Kinanisumbua.”

“Kichwa kimekula mashavu yote hayo? Vaa viatu.”

“Redio, niache.”

“Sikuachi. Ulinihamisha, nikahama. Ulininunia, nikanyamaza, mimi, kunyamaza! Lakini sitakaa natia vifungo huku wewe unakufa na kichwa. Ukipona, tutagombana vizuri. Vaa viatu.”

Njiani Mama Pacha alitembea kwa hatua fupi, akihesabia mwili wake vyoo vya njiani: cha kituo cha mafuta, cha sokoni, cha nyuma ya mgahawa. Redio alipunguza mwendo, asijue anapunguza kwa nini.

Zahanati ilikuwa ileile, daktari yuleyule, uzi uleule kwenye miwani. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida, na benchi limejaa. Redio aliingia naye bila kuulizwa na akakaa kwenye kiti cha mgonjwa kwa haraka yake, kisha akaruka akampisha.

“Daktari, huyu dada yangu,” alianza, “ana kichwa. Tena si kichwa cha mchezo. Hali, hanywi, hacheki. Alikuwa mtu wa kucheka huyu, ukimwonyesha kidole tu anacheka. Sasa kawa kama mlango wa benki. Mimi nasema ni presha, au mawazo, maana hata mimi, rafiki yake, alini…”

“Mama,” daktari alimkatiza, akimtazama Mama Pacha. “Nikikumbuka vizuri, ulikuja na kichwa hichohicho. Bado kinauma?”

Angeweza kusema ndiyo. Vidonge vilikuwa pale kabatini, angepewa, wangerudi. Redio angerudi kwenye chumba cha nyuma. Mumewe angerudi kwenye kusugua kucha. Aliutazama mlango. Mwanamke mmoja benchini alikuwa anambembeleza mtoto na kumtazama yeye waziwazi, bila hata kujificha.

“Si kichwa,” alisema.

Sauti ilitoka nyembamba. Daktari aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

“Sijawahi kuumwa kichwa.”

“We!” Redio alisema.

“Ngoja.” Alishika ukingo wa meza. Machozi yalishaanza, akayaacha yaende. “Mkojo unanitoka, daktari. Nikikohoa unanitoka. Nikinyanyua kitu unanitoka. Tangu nizae, mpaka leo, na sasa hivi nimelowa nikiwa nimekaa hapa.” Alivuta pumzi, kisha akamgeukia rafiki yake, aliyekuwa amefumba mdomo kwa mikono yote miwili. “Na nikicheka ndiyo zaidi. Na wewe unanichekesha, Redio. Hukunikosea kitu. Nilikuhamisha kwa sababu hakuna mtu duniani anayenichekesha kama wewe.”