Sentensi Aliyoiruka Bwana Shamba

Zenon, bwana shamba wa Kasense, alikuwa na ugonjwa mmoja: akipata la kueleza, haelezi, anahubiri. Katikati ya Novemba alipewa dakika tano za matangazo baada ya misa, akatumia ishirini. Akawapeleka watu hadi Mediterania. Dhoruba za baridi za huko zikipita, alisema, huacha hewa baridi inayoteremkia Uarabuni, nayo huzitia nguvu pepo za msimu zinazotusogezea mvua huku Ufipa. Na mvua zetu zikikolea, joto lake hupanda angani likazihamisha njia za dhoruba kulekule kaskazini.

"Ni kusukumana," akasema. "Safari hii tumesukumwa vizuri. Vunjeni matuta yenu ya ntumba, pandeni!"

Taarifa ya hali ya hewa iliyokuwa mfukoni mwake ilikuwa na sentensi moja zaidi: msukumo huu ni wa siku chache, msimu haujatulia, wakulima wasubiri. Aliisoma akairuka, maana ingemfanya aonekane hana uhakika.

Mvua ilinyesha siku nne, kisha jua likawaka wiki tatu. Wengi uvivu wao uliwaokoa. Aliyetii ni Josefina, mjane, aliyevunja ntumba zake zote, yale matuta ya mviringo yenye nyasi zilizooza ndani, akamwaga mbegu yake yote ya ulezi. Ulezi ukachipua, ukaungua. Na ntumba ikishavunjwa haijengwi tena mpaka nyasi ziote, mvua zikikaribia kuisha. Mwaka wake ulikuwa umekwenda.

Kwenye mkutano wa jumuiya Josefina aliuliza kwa upole tu, "Bwana shamba, si ulisema tupande?"

Watu wakageuka. Zenon akasikia ulimi wake ukijibu, "Hapana mama, nilisema tusubiri."

Hakuna aliyembishia. Wengine wote walikuwa wameshasinzia tangu Mediterania.

"Basi ni masikio yangu," akasema Josefina, akakaa.

Zenon alirudi nyumbani akashindwa kula. Jumapili iliyofuata nyimbo zilianzishwa na mwanakwaya mwingine, Dominika, juu mno, kwaya nzima ikakauka koo. Josefina, aliyezianzisha miaka yote, alikuwa amekaa nyuma. Ameomba kupumzika, wakasema, hasikii vizuri. Zenon aliona aibu hata ya kupokea komunyo. Hakwenda mbele.

Baada ya misa alimfuata Josefina kwake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sema kwa sauti."

Hilo lilimchoma. Akasema kwa sauti, mpaka majirani wakasikia: alisema pandeni, taarifa ilisema subirini, na mkutanoni alidanganya kwa kuogopa watu.

Josefina akamgeukia.

"Kwa hiyo nilisikia vizuri."

"Ulisikia vizuri mama. Nisamehe."

"Ulezi ningekusamehe siku ileile." Akaonyesha kwa kidole mlangoni, palipokuwa na mabegi mawili na godoro lililofungwa kamba. "Nimempigia mwanangu anayekaa Mwazye aje anichukue. Nimemwambia mama yako amezeeka, anaambiwa subiri yeye anasikia panda, kuishi peke yake hawezi tena. Shamba nimeshampa jirani yangu Leonia, tena mbele ya mwenyekiti wa kijiji."

Zenon akarudi nyuma hatua moja kuelekea njiani.

"Mwanangu anafika sasa hivi," akasema Josefina. "Kaa hapo. Utamweleza wewe."