Kaka Januari Asalimia Ujiji Nzima

Kaka yangu Januari hawezi kumpita mtu bila kumsalimia, na siku ile nusura nimzibe mdomo kwa kilemba changu.

Alikuwa ametoka kijijini Mwamgongo kwa boti, maana mbalamwezi ilikuwa imewaka, na dagaa hawavuliki usiku wenye mwanga. Mimi naishi Buzebazeba, hapa hapa mjini. Nilimwalika tuzunguke Ujiji pamoja, anione siku yangu kubwa. Mzee Mwinshehe, anayetembeza wageni katika mji wa kale, alikuwa ameniambia, "Njoo sokoni saa nane na kikundi chako, ukiongoze hadi mwalo wa zamani kule ziwani. Ukiweza, Diana, kazi ni yako."

Kikundi changu kilikuwa wanafunzi wa chuo. Asubuhi ile ile wakaghairi, nikabaki na kaka tu.

"Usihangaike," akasema Januari. "Ukishindwa, dagaa wa kuanika nyumbani wapo."

Hakuwa anatania. Kwake yeye historia haikuwa kazi, na iliniuma, kwa sababu ndiye aliyenisomesha.

Nikaona bora nifanye mazoezi kwake. Tukiwa barabara ya zamani nikaanza, "Hapa ndipo misafara ya pembe ilipopita..." Kugeuka, kaka hayupo! Alikuwa ameinama mbele ya mama mmoja muuza samaki wa migebuka, kamshika mikono yote miwili.

"Mwakeye, mama! Watoto hawajambo? Mihogo imeshika?"

Kwetu, kupita mlangoni kwa mtu bila kumuuliza ya nyumbani kwake ni kumdharau. Lakini Ujiji ni mji, jamani! Kaka alisimama kila baraza. Akamsalimia fundi cherehani, akawasalimia walimu wawili, Erasto na mkewe Regina, waliohamishiwa hapa kutoka Njombe. Alipoulizwa habari zake, nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Nzuri, ila huyu mdogo wangu ana mtihani wa kuongoza watu saa nane pale sokoni, na watu hana."

Nilipandwa na hasira. "Kaka, unanitangaza mtaa mzima!"

"Wameniuliza habari," akajibu bila wasiwasi. "Ulitaka niwape za uongo?"

Nikakaza mwendo mpaka sokoni. Mzee Mwinshehe alikuwa keshafika. Nikampa shikamoo, akaitikia, kisha akamtazama Januari kuanzia kandambili hadi kofia.

"Kikundi ndiye huyu?"

Kabla sijajibu, yule mama wa migebuka akatokea, beseni lake kalifunika kanga. "Tumechelewa?" akauliza. Nyuma yake alikuja fundi, futi ingali shingoni, kisha Erasto na Regina, kisha wanawake wa baraza la tatu, la nne, sijui la ngapi. Barabara ikajaa hadi bajaji ikabidi igeuze. Nilitamani kulia na kucheka kwa pamoja.

Nikaanza. Nikawaeleza chumvi ya Uvinza na pembe za ndovu. Nikawaeleza habari za watu waliovushwa ziwa kutoka Manyema wakiwa wamefungwa minyororo, na wale waliobaki hapa wakaujenga mji huu. Walikuwa wakiniuliza, nami nikijibu, na kila jibu lilinipa nguvu ya lingine.

Tulipofika mwalo wa zamani, mama wa migebuka akaniuliza, "Kwa hiyo bibi zetu wa Kimanyema walitua hapa hapa?"

"Hapa hapa, mama. Miguu yao ilikanyaga ufukwe huu."

Akautazama ufukwe, kisha akapiga kigelegele kilichowaamsha hata bata waliolala kwenye mitumbwi. Wenzake wakampokea. Sijawahi kujisikia mkubwa kiasi kile.

"Jumamosi tuna wageni kutoka Bujumbura," akasema Mzee Mwinshehe. "Ni wako."

Nilidhani watu watatawanyika. Wapi! Regina alinyoosha kidole kwenye kichochoro cha nyumba za udongo. "Na kule, dada, kuna nini?"

Nikamtafuta kaka. Januari alikuwa akilia waziwazi, bila aibu, kofia mkononi. Tangu baba afariki yeye ndiye aliyetangulia njiani, nami nikimfuata kwa kila jambo. Sasa akapita pembeni ya watu, akaenda kusimama nyuma kabisa, kati ya fundi na mama wa migebuka, akanitazama akisubiri amri.

"Haya," nikasema. "Nifuateni."