Shangazi Aliyeitwa Harakisha

Kiroboto alikuwa bado mgeni katika nchi aliyohamia chuo kilipomchukua, pamoja na vijana wengine wahamiaji, wawe watafiti wenza wa maisha yao wenyewe. Mhadhiri aliyeongoza kazi alisema hataki kuwachunguza kama wadudu. Maswali watunge wenyewe, kisha wahojiane wawili wawili: umezoeaje huku, nini kilikuchekesha, nini kilikuliza. Kiroboto, msichana aliyebandikwa jina hilo na ndugu zake kwa sababu hatulii mahali pamoja, akapangwa na Kinyozi, kijana mpole aliyenyoa vichwa karibu na stesheni.

Tatizo lilikuwa Shangazi, dada wa baba yake, aliyekuwa akiishi naye. Aliposikia kuna kijana anakuja kuuliza mambo ya moyoni, alitaka kujua huo utafiti unatafiti nini hasa. Kiroboto alijieleza mpaka maneno yakamwishia. Mwishowe Shangazi akaruhusu, ila mahojiano yafanyike jikoni, naye awepo akikunja nguo zake tu, wala hatatia neno.

Kinyozi alikuja na shati lililopigwa pasi hadi likakaribia kusimama lenyewe. Shangazi alimtazama juu mpaka chini, akampa kiti cha mbali. Simu ikawekwa mezani irekodi. Kinyozi akakohoa, akauliza: siku zako za mwanzo huku zilikuwaje?

Kabla Kiroboto hajafungua kinywa, Shangazi akajibu.

Alisema alifika akiwa msichana wa rika lao, akapata kazi ya kufua mashuka hotelini. Lugha ya pale hakujua hata salamu. Msimamizi kila akimwona alitamka neno lile lile, naye akadhani amepewa jina. Akalipenda. Akaanza kujitambulisha nalo kwa majirani, kwa muuza duka, hata kwa daktari wa meno.

"Kumbe maana yake ni harakisha," alisema Shangazi. "Mwaka mzima nawapa watu mkono, nawaambia harakisha. Nikawa najiuliza, mbona watu wa huku wana mbio hivi?"

Kinyozi alicheka mpaka akashika meza, na Kiroboto machozi yakamtoka. Shangazi naye alicheka, kisha akarudia kukunja taulo. Siku alipoambiwa ukweli, alisema, alijifungia chumba cha mashuka akalia, maana katika nchi nzima hapakuwa na mtu hata mmoja aliyelijua jina lake.

"Mbona hukuwahi kuniambia, Shangazi?"

"Wewe uliwahi kuniuliza?"

Kikaoni mhadhiri alisikiliza sauti ile, akafuta miwani, akasema kwa masikitiko kwamba mradi ni wa vijana tu. Kinyozi, ambaye kwa kawaida sauti yake haishindi mkasi wake, akasema huyu mama alihama akiwa kijana, ila wakati ule hakutokea wa kumhoji. Wenzake wakamuunga mkono. Mhadhiri akakubali, wakapanga kuwahoji pia waliohamia zamani.

Sasa Shangazi haachi kikao. Swali likimchosha anasema wazi kwamba limemchosha, na wote pale wanamwita kwa jina lake na la baba yake, kama alivyoomba. Kuhusu Kinyozi bado hajatoa hukumu. Alimwambia tu binti wa kaka yake kwamba kijana anajua kusikiliza, ila naye lazima ahojiwe, na safari hiyo maswali atayatunga Shangazi mwenyewe.